Mama Mzazi wa Marehemu

Walipokuja kuniambia mwanangu Junaid ameuawa kazini, nilikuwa nimeshamzika miaka ishirini iliyopita.

Nilikuwa uani kwangu, Chimala, nageuza mpunga niliouanika juu ya turubai. Nimevaa kanga iliyochakaa na kandambili zisizofanana, kama mtu asiyetarajia wageni. Wakaingia askari wawili wenye magwanda yaliyopigwa pasi, mwanamume na mwanamke, na nyuma yao mwenyekiti wa kitongoji kavua kofia. Mwenyekiti wetu yule hata mbele ya mkuu wa wilaya huvua kofia kwa kulazimishwa. Nilidhani ni habari ya Nasri, mwanangu mkubwa, mwenye lori kule Iringa.

Yule mwanamume akajitambulisha kuwa ni Kapteni Sosthenes. Akauliza kama mimi ndiye Mwamvita, mama wa Junaid Othmani. Nikasema ndiye. Hapo sikudanganya. Nilimzaa mtoto wa jina hilo na nikamnyonyesha miaka miwili kasoro.

"Mama," akasema, "tunasikitika kukuarifu kwamba mwanao, Koplo Junaid Othmani, amepoteza maisha akiwa kwenye misheni ya kulinda amani Kongo. Walishambuliwa wakiwa doria."

Nilikaa chini juu ya mpunga wangu. Nilielewa mara moja ni nani aliyekufa. Nilielewa pia kwamba kule juu, kwenye vilima vya nyuma ya Uyole, yuko mwanamke anayepalilia viazi vyake asubuhi ile, mama yake hasa huyo koplo, na hakuna askari atakayefika mlangoni kwake. Kwenye karatasi za jeshi mwanamke huyo hakuwepo. Nilikuwepo mimi.

Ningesema pale pale. Lilikuwa neno moja tu: siye. Badala yake nikasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," na yule askari wa kike akainama akanishika bega, nikalia. Nililia kweli, msidhani niliigiza.

Sasa niwaeleze, maana bila maelezo mtaniona mwehu.

Mwanangu Junaid alikufa maji Madibira mwaka 2004, akiwa na miaka kumi na mitatu. Marehemu mume wangu, Othmani, alikuwa na ploti ya mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji kule, na likizo ya mwezi wa nne alimchukua mtoto akamsaidie kuwinga ndege. Mfereji mkuu ulikuwa umejaa. Walimtoa mchana, wakamleta Chimala kwa pikapu ya watu, na kabla ya magharibi alikuwa ameshazikwa. Sisi wanawake tulibaki nyumbani. Kwetu mwanamke haendi makaburini, siku ya maziko wala siku nyingine, na Othmani kwa hilo hakuwa na mchezo. Cheti cha kifo hatukukata. Mtoto wa darasa la sita nani anamkatia cheti cha kifo? Kwa hiyo serikalini mwanangu hakufa, na kwenye daftari la shule jina lake likabaki.

Baada ya arobaini akaja Mwalimu Masumbuko kutoka shuleni kwao. Alifuatana na mwanamke wa milimani, kajitwika kiroba cha viazi. Nilimjua kwa sura, alikuwa akiuza viazi sokoni kwetu siku za gulio. Jina lake Damari, mjane. Mwanawe Aroni alikuwa amefeli darasa la saba. Miaka ile aliyefeli alikuwa na njia moja ya kurudia: atafutiwe jina la mtoto aliyeacha shule, aingie nalo darasani kama lake. Walimu walijua, wazazi walijua, na nadhani hata wakaguzi walijua. Majina ya watoro yalikuwa yakisakwa kila kona. La mwanangu lilikuwa zuri kuliko yote, kwa sababu mwenyewe asingerudi kulidai.

Othmani alikuwa Madibira. Angekuwepo angewafukuza, viazi na mwalimu wote. Mimi nilikubali, na sababu yangu sikumwambia mtu. Nilitaka liitwe. Kila asubuhi mwalimu aseme "Junaid Othmani," na mtoto mmoja aitikie.

Januari, jina lilipopanda darasa la saba, Aroni akaja kukaa kwetu mwaka mzima, akalala kitanda cha Junaid chumba kimoja na Nasri. Mwezi wa kwanza ule nilikuwa najitengenezea safari za uongo asubuhi, mara chumvi, mara kiberiti, ili nipite kando ya uzio wa shule saa ya mahudhurio. Mwalimu anaita. Sauti inajibu, "Nipo!" Basi, naendelea na chumvi yangu. Othmani alininunia mwezi mzima, halafu nikamkuta siku moja anamshikia yule mtoto baiskeli, anamfundisha kuendesha.

Alikuwa mtoto wa kutumia mkono wa kushoto. Alipenda viazi kuliko wali, jambo la kunitia aibu mimi mfanyabiashara wa mchele. Alipoosha vyombo alikuwa akiimba nyimbo za kwao za Kimoraviani, na Ramadhani ilipofika alikataa kula mchana mbele yetu ingawa hakuna aliyemkataza. Akafaulu. Jina likamganda. Akaenda nalo sekondari, na alipotaka kuingia jeshini, cheti cha kuzaliwa kikatakiwa. Nilikwenda mimi mwenyewe kwa wakili, nikaapa na kutia sahihi kwamba huyu ni mwanangu wa kumzaa. Nilijiambia ni karatasi tu. Tangu hapo kila Idi aliniletea kiroba cha viazi, na aliniita Mama wa Chimala.

Huyo ndiye aliyekufa.

Kesho yake asubuhi nilipanda gari hadi Uyole, nikachukua bodaboda kupanda mlima. Damari alikuwa shambani, ameinama, na akaniona kabla sijamwona.

"Mwe! Mama Nasri! Leo umekuja hata simu hujapiga? Ungesema nikuwekee viazi vikubwa."

"Mama Aroni, kaa chini."

"Nikae na jembe mkononi?"

"Kaa, dada yangu."

Akanitazama usoni. "Aroni," akasema. Hakuwa akiuliza.

Nikamwambia yote, Kongo, doria, kapteni. Alikaa kwenye tuta. Hakulia. Aliokota kiazi akaanza kukifuta udongo kwa ncha ya kanga, akakifuta hadi ngozi ikaanza kutoka.

"Walikuja kwako," akasema baadaye.

"Ndiyo."

"Kwangu hawakuja."

"Hawakujui, Mama Aroni."

"Wanamleta lini hapa?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa njia nzima. "Hawamleti hapa. Ijumaa wanamleta Chimala."

Alisimama akaanza kukung'uta udongo kwenye nguo, haraka haraka. "Basi twende tukawaambie. Mimi ndiye mama yake. Alibatizwa pale kanisani, cheti cha ubatizo ninacho ndani ya Biblia. Twende sasa hivi."

Nikamshika mkono. Nilimwambia watasema mwanawe alighushi. Watamvua cheo akiwa maiti, hatapigiwa hata risasi moja ya heshima, atazikwa kimyakimya kama mwizi. Nilimwambia habari ya fidia, ile wanayopewa familia za askari waliokufa kazini, kwamba hataiona hata senti. "Aliyekuwa anakutumia kila mwezi ni nani? Sasa utaishi na nini, na mgongo huo? Tunyamaze. Mimi nitapokea kama mama, nitakuletea yote mpaka ya mwisho."

Sikumdanganya. Huenda kila neno lilikuwa kweli. Ila kulikuwa na jambo sikumwambia, na nalisema hapa kwa sababu limenichoma moyoni. Niliyataka yale maziko. Junaid wangu aliondoka kwenye pikapu ya kuazima, na matope ya mfereji masikioni. Nilitaka niione siku moja nchi nzima imemvulia kofia mtu aitwaye Junaid Othmani. Mungu anisamehe, nilimnyima mwenzangu maziko ya mwanawe ili nimzike wangu mara ya pili.

Damari aliuliza kitu kimoja tu. "Nitamwona?"

"Utamwona," nikasema, bila kuwa na hakika.

Hakumwona. Jeneza lilikuja limefungwa, na lilibaki limefungwa. Ijumaa ile nyumba yangu ilijaa hadi barabarani, na mimi nikakalishwa kwenye mkeka wa katikati, wanawake wa Chimala wakipita mmoja mmoja kunishika mkono. Damari alikaa karibu na mlango, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi, akapewa ungo wa mchele achambue. Alichambua mchele wa matanga ya mwanawe, chuya huku, mawe huku.

Batuli, jirani yangu, ambaye hakuna mgeni anayempita bila kuulizwa ukoo, akaninong'oneza, "Huyu mama ni nani?"

"Ananiuzia viazi," nikasema.

Damari alisikia. Alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Hakuinua uso.

Wanaume walipoinua jeneza, naye akainuka. Aliweka ungo chini taratibu, akajifunga kanga kiunoni, akalifuata. Kwao ndivyo mama anavyofanya, anakwenda na mwanawe mpaka shimoni na anachota udongo kwa mkono. Alishafika uani Batuli alipomdaka.

"Mama, sisi wanawake hatuendi."

"Nataka kutupa udongo."

"Kwetu hakuna hiyo, mama. Pole. Rudi ukae, tutaomba dua hapahapa."

Damari akageuka akanitazama mimi. Uani kulikuwa na wanawake wasingepungua mia, na kapteni alikuwa bado getini. Ningesema neno moja. Niliinama nikajifuta pua. Nilipoinua kichwa alikuwa amerudi kwenye ungo wake. Baadaye tukasikia risasi za heshima kutoka upande wa makaburi, na kila moja ilipolia alishtuka mwili mzima, na punje zikaruka. Chakula kilipoiva hakuwepo tena. Aliacha ungo umejaa mchele msafi, hauna hata chuya moja.

Bendera ilikabidhiwa kwa Nasri, naye akaniletea imekunjwa. Akaniambia amechagua nafasi karibu na baba yake, na karibu na Junaid wetu. Ndiyo kusema sasa pale kuna makaburi mawili yenye jina moja. Nilimuuliza kama watu hawakushangaa. Akasema kibao cha kwanza maandishi yalishafutika kitambo.

Miezi minne ikapita. Simu ya Damari ilikuwa ikiita bila kupokelewa. Halafu Nasri akaniambia niende kwake Iringa kwa kikao cha familia, na kikao chenyewe kilikuwa mimi, yeye na chupa ya chai. Familia za Nyanda za Juu zilizofiwa na askari zingeitwa mjini Iringa siku moja kusaini karatasi za fidia. Tayari alishajaza zote. Ilibaki sahihi yangu tu.

"Mama, hiki ni kifuta machozi," akasema. "Na machozi tulitoa sisi."

"Tulikubaliana ni ya mama yake."

"Mlikubaliana nyie wawili shambani. Mimi nilikuwepo?" Lori lake lilikuwa limekaa juu ya mawe tangu Idi, injini imekufa, na mkewe alikuwa amerudi kwao. Nilijua hayo. "Jina ni letu, mama. Cheti ni chetu. Yule mama tumpe milioni mbili, atashukuru, kwao hizo ni pesa."

Ana miaka arobaini, lakini mkono uliniwasha nimzabe kofi.

"Nililala naye chumba kimoja mwaka mzima," akaendelea. "Usidhani simkumbuki. Nilimpenda yule. Ila amekufa. Na ukienda kuwaambia ukweli leo, hatakamatwa yeye. Ile karatasi ya wakili ina sahihi ya nani?"

Nilikunywa chai yake ikiwa imepoa.

Siku ya kwenda Iringa ilipokaribia nilituma mtu anayepanda na pikipiki kule juu ampe Damari ujumbe mkononi: njoo stendi ya Chimala, Jumatatu, tunakwenda Iringa. Alinipigia. "Sijakuomba pesa, Mama Nasri," akasema. Nikamwambia aje tu. Sikujua bado nitafanya nini. Nilijua tu kwamba safari hii sitaki kumwacha mlangoni.

Alikuja na gauni lake la kanisani na mkoba uliobana Biblia. Basi lilipita Makambako. Akauliza, akitazama nje, "Walivyomlaza, alilala upande gani?"

"Upande wa kulia. Anaelekezwa kibla."

Akafikiri. "Alikuwa analala kifudifudi," akasema. "Tangu mdogo. Ukimgeuza, anarudi."

Tukaipanda ile kona ya Ipogolo kuingia mjini.

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na familia kama kumi na mbili, wazee wenye makoti, wajane wadogo wenye watoto mapajani. Mbele kulikuwa na meza, na nyuma ya meza Kapteni Sosthenes na karani. Nasri alikuja ameshavaa vizuri. Alipomwona Damari alinitolea jicho, lakini akamsalimia shikamoo, maana nilimlea vizuri kiasi hicho. Akanipa karatasi na kalamu. Nilisoma mstari wa kwanza: *Mimi Mwamvita Nasri, mama mzazi wa marehemu…* Nasri wa pale ni baba yangu, mwanangu nilimpa jina lake. Nikaiweka karatasi mapajani.

Karani akasimama na orodha. Akaita familia ya kwanza, mtu akajibu. Ya pili, wakajibu. Kisha akaita:

"Junaid Othmani!"

Hakusema familia ya nani, wala cheo. Aliita hivyo tu, kwa sauti ya mwalimu. Na mimi mzee mzima, mwenye wajukuu, nikajikuta nimenyamaza nikisubiri sauti ijibu kutoka ng'ambo ya uzio.

"Junaid Othmani!"

"Mama, tunaitwa," Nasri akanigusa kiwiko.

Ndipo nikaelewa kwamba hakuna wa kuitika. Aliyekuwa akinijibia yuko chini, upande wa kulia, anaelekea kibla, na mama yake hajamtupia hata kiganja cha udongo kwa sababu mimi nilipenda kusikia jina.

Nilimgeukia Damari. "Simama. Unaitwa."

"Mimi simo kwenye karatasi."

"Simama, Mama Aroni."

Nasri alinishika kanga. Niliachia kanga, nikaenda na gauni tupu hadi mezani, nimemshika mwenzangu mkono kama watoto wa chekechea. Karatasi niliiweka mbele ya kapteni, haina sahihi.

"Kapteni," nikasema, "mama mzazi wa marehemu ni huyu hapa. Anaitwa Damari. Mimi wangu alikufa maji mwaka 2004. Huyu alitumia jina lake kurudia darasa la saba, na jina nilimpa mimi. Kiapo cha kwa wakili nilikula mimi. Yeye alikuwa kijana anatafuta kazi. Mkitaka kumshika mtu, nyumba yangu mnaijua, mlikuja mkanikuta naanika mpunga."

Kapteni alifunga kalamu yake. Alitazama karatasi, akanitazama, akamtazama Damari kwa muda mrefu zaidi.

"Mama, unajua ulichosema?"

"Najua."

"Hili faili linarudi makao makuu. Wanasheria watalishika, huenda na vipimo vya damu. Inaweza kuwa mwaka, inaweza kuwa mitatu. Siwezi kuwaahidi hata shilingi moja. Na kuhusu kiapo, hilo si mimi wa kuamua."

"Sawa."

Akamgeukia Damari, na sauti yake ikashuka. "Nyumbani alikuwa anaitwa nani?"

"Aroni."

"Aroni nani?"

"Aroni Ipyana. Ipyana ni baba yake, alitangulia."

Aliandika kwa penseli juu ya jalada. Kisha akasema, kama anajisemea, "Nilikaa naye kambi moja. Alikuwa akifua nguo anaimba nyimbo za kanisani. Vijana walimwita Shehe wa Kwaya, naye anacheka tu."

Hapo ndipo Damari alipolia. Miezi minne nilikuwa sijamsikia akilia. Alilia kwa sauti ya kwao, ile ya milimani ya kumwita marehemu kwa jina, Aroni wee, Aroni wangu, na wale wajane wadogo wakaanza kulia naye, na karani akaiweka orodha chini. Nasri alikuwa ameshatoka nje. Hadi leo hapokei simu yangu.

Alipotulia nilitegemea anilaumu. Pesa ya uzee wake niliitia shimoni mbele ya macho yake, bila kumuuliza. Alijifuta, akamuuliza kapteni, "Naruhusiwa kwenda kutupa udongo?"

"Hilo huombi kwangu, mama," akasema. "Nenda."

Tulirudi Chimala jioni, akalala kwangu, na asubuhi nilifunga duka langu la mchele nikampeleka makaburini. Batuli alituona tunapita na kufungua mdomo. Nikamwambia afunge, nzi wataingia. Akatufuata kwa macho hadi tulipokunja kona.

Kaburi jipya halikuwa na shida kulipata, lilikuwa na saruji na kibao cha rangi nyeupe. Damari alikitazama kile kibao, jina lisilo la mwanawe, halikumshughulisha. Alitoa mfuko wa nailoni kwenye mkoba. Ndani kulikuwa na udongo mweusi wa milimani, wa shambani kwake, bado una unyevu. Alichota akamwaga mara tatu, pembeni ya saruji mahali palipobaki wazi, akasema maneno ya kwao ambayo sikuyaelewa. Akafungua Biblia, akasoma kidogo. Mimi nilisimama nyuma yake na kanga yangu kichwani.

Alipomaliza akauliza, "Na wako yuko wapi?"

Nikafungua mdomo, nikakuta sijui.

Miaka ishirini. Sikuwa nimewahi kukanyaga pale. Nilijua ni karibu na Othmani, Nasri alisema hivyo, na Othmani nilimpata kwa kibao chake. Lakini kuzunguka pale kulikuwa na matuta madogo madogo yaliyozama, mengine yameota majani, na kila tuta la kimo cha mtoto lingeweza kuwa lake. Nilianza kwenda huku na huku, nafukua majani kwa mguu. Damari aliweka mkoba chini akanisaidia. Ni yeye aliyekipata kibao, kimelala kifudifudi kwenye nyasi, mchwa wamekula nusu. Alikigeuza, akakifuta udongo kwa ncha ya kanga. Hakikuwa na herufi hata moja.

"Ni huyu?" akaniuliza.

"Sijui, Mama Aroni. Sijui."

Akakisimamisha pale alipokikuta, akakandamiza udongo pembeni yake kwa kiganja. Kisha akavuta mfuko wake, uliokuwa umebaki na kiganja kimoja, akanipa. Nikamwaga.

"Sasa mwite," akasema.

Niliita jina lake lote, Junaid Othmani, kama wanavyoita shuleni. Tukasimama pale wote wawili tukisikiliza malori yakipita barabara kuu.